Gari la Mzee Seif Lisilo na Klachi

Mwezi uliopita nilimuaga binti yangu wa pili. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama nje, ng'ombe wawili walichinjwa, na mimi nilivaa suti ambayo mshonaji wake alitoka Sumbawanga akaja kunipima hapa hapa nyumbani, kwa sababu mtu wa nafasi yangu hamfuati fundi cherehani. MC akauliza nani ana neno la kumsifu baba mzazi. Akasimama mtu mmoja kule nyuma, mrefu, kofia mkononi, kichwa chote mvi. Sikumtambua mpaka alipocheka. Alikuwa Kulwa, mwashi niliyekaa naye chumba kimoja tukiwa vijana, na ambaye sikuwa nimemwona tangu alipohamia Geita. Akashika kipaza sauti. "Nyie mnamjua Nestory huyu wa gereji na malori. Mimi namjua Nesto wa Shanwe, tulikuwa tunagombania blanketi moja. Amewasimulia ile habari ya gari la Mzee Seif?" Ukumbi mzima ukaitikia kwamba amesimulia, tena wengine wakaguna, maana ni kweli naisimulia kila nikipata watu wawili wamekaa. Kulwa akasema, "Amesimulia yote?" Hapo nikalegeza tai. Akaisimulia, na ile sehemu ninayoirukaga yeye hakuiruka. Watu walicheka mpaka mke wangu akatoa kitambaa kufuta macho. Nilidhani nitakasirika. Badala yake nilipumua kama mtu aliyevuliwa buti lililombana tangu asubuhi, nikacheka kuliko wote. Sasa naiandika, na siruki kitu.

Sitaanza na nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa nani. Shule niliiacha darasa la tano, na nilichojua nilijifundisha mwenyewe kwa kulala chini ya magari ya watu. Katikati ya miaka ile ya tisini, Mpanda ikiwa bado wilaya ya Rukwa, nilikuwa na miaka ishirini na minne na tayari madereva wa malori walikuwa wanalijua jina langu mpaka Inyonga. Chumba chetu kule mtaa wa Shanwe kilikuwa cha tofali za kuchoma, hakijapigwa lipu. Kulwa alikuwa anaahidi kukipiga kila Jumapili na kila Jumapili anasema saruji imeisha. Kitanda kimoja, jiko la mkaa, ndoo mbili, na msumari mmoja ukutani. Upande wa kushoto wa ule msumari niliningʼiniza ovaroli yangu, upande wa kulia yeye akaningʼiniza mfuko wake wa kazi wenye mwiko, kamba, timazi na pima maji, ile mbao yenye kichupa cha maji na povu ndani. Tulikula ugali na dagaa wa Karema, na siku ambayo mmoja wetu amelipwa tulikula migebuka, samaki wa ziwani. Kulwa alikuwa Msukuma wa familia zilizoshuka na ng'ombe mpaka Mpimbwe, anakula haraka, anaongea polepole. Mimi ilikuwa kinyume chake. Kila jioni alikuwa ananisikiliza nikijisifu huku anatoa miiba ya samaki mdomoni, halafu anasema, "Haya, mkuu wa mafundi, leo ni zamu yako kuosha sufuria."

Mzee Seif alikuwa mfanyabiashara wa mchele. Duka lake lilikuwa mjini, lakini maisha yake yalikuwa barabarani. Kila wiki alikwenda Majimoto kuchagua mpunga mwenyewe, anauma punje kwa meno, anabishana na wakulima kwa majina ya watoto wao, anarudi na habari za watu wote wa huko. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekatwa chini ya goti kabla sijamfahamu. Gari la kawaida lina klachi, na klachi inakanyagwa na mguu ambao yeye hakuwa nao. Kwa hiyo alitafutiwa gari la otomatiki kutoka Dar es Salaam, lile umbo la stesheni wagoni lenye mgongo mrefu, likaletwa kwa treni juu ya behewa la wazi. Siku liliposhushwa watu walikwenda stesheni kulitazama wakachungulia chini ya usukani wakihesabu vikanyagio. Viwili. "Hili gari ni kilema kama mimi," Mzee Seif aliwaambia, "ndiyo maana tutaelewana." Na walielewana. Nilimwona mara nyingi akipita, kofia ya kufuma kichwani, kiwiko dirishani, gongo lake limelala kiti cha pembeni kama abiria. Mtu mwingine akimwona kwa miguu anamhurumia. Ndani ya lile gari hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumhurumia, alikuwa ameshapita.

Masika ya mwaka huo gari lilizama kwenye tope katikati ya mbuga, kule barabara ya Majimoto inapopita kwa wanyama. Alikanyaga akijaribu kutoka, akakanyaga, gia boksi ikaungua. Alikaa mle ndani tangu asubuhi mpaka alasiri, nyati wamesimama pembeni wanatafuna, mpaka lori likaja likamvuta. Mdogo wake, Hamisi, mfanyabiashara wa Tabora, aliposikia akapanda treni akaja. Alikuwa mtu mwema, nisimseme vibaya. Alisema gari lirudishwe kwenye behewa, liende Tabora likauzwe kwa anayetaka kuhangaika nalo, na kaka yake atafutiwe pikapu na dereva. Nami nilikuwa nimesimama pale dukani nimefuata sabuni. Hakuna aliyeniuliza. Nikasema, "Mzee, msiliuze. Mimi nitaifungua hiyo gia boksi na nitaifunga, na utakwenda Majimoto mwenyewe." Hamisi akanitazama kuanzia ndala mpaka kichwani. "Umeshawahi kufungua ya otomatiki?" Nikajibu kwamba gia boksi ni gia boksi. Huo ulikuwa uongo. Sikuwahi hata kuiona ikiwa wazi, na hakuna fundi mwingine Mpanda aliyewahi. Ila ndio uongo uliojenga nyumba ninayokaa leo, siuombei msamaha.

Gereji yetu ilikuwa uwanja wa vumbi wenye shimo la kuingia chini ya gari, na gia boksi ya otomatiki haitaki hata chembe ya mchanga. Mzee Seif akanipa stoo yake nyuma ya duka. Mkewe, Mama Rukia, akafagia, akamwagia maji, akatandika shuka nyeupe juu ya meza, akasema, "Ukiichafua utaifua mwenyewe, fundi, siyo mimi." Ile stoo ilinukia pumba na asali, kwa sababu walikuwa wanaweka na madumu ya asali ya Ugalla. Nilifungua kila kitu kwa utaratibu wangu mwenyewe. Kila kilichotoka nilikiweka kwenye mstari, na kando yake nikaweka kizibo cha soda nilichokikwaruza alama: mkwaruzo mmoja, miwili, mitatu, msalaba, duara. Mstari ulizunguka meza mara mbili. Pleti za ndani, zile zinazoshikana ili gia iingie, zilikuwa nyeusi kama vigae vya chungu. Nilifunga moja kwenye karatasi pamoja na sili za kuzuia mafuta zilizokauka, nikampa dereva wa lori aende nazo Dar kama sampuli. Spea zikaja baada ya wiki tano. Katika wiki hizo tano nilikula pale pale. Mama Rukia alikuwa anapitisha sinia mlangoni, wali wa Majimoto unaonukia mpaka barabarani, maharage ya nazi Ijumaa, na Mzee Seif anakaa kwenye gunia kula nami, gongo limeegemea mlango. Alikuwa anavitazama vile vizibo. "Mwanangu, na hiki cha msalaba kinafanya nini?" Nami nikamweleza kwa kujiamini, hata pale ambapo sikujua.

Nikaifunga. Nikairudisha kwenye gari. Nikaitia mafuta yake mekundu, nikayapima injini ikiwa inawaka na imepata moto, maana hilo nililigundua mwenyewe, wenzangu wangepima imezimwa. Nikawasha, nikavuta mti wa gia, gari likasogea. Nilipiga kelele mpaka Mama Rukia akatoka na mwiko. Leo gereji yangu ina mashine ya kuchomeka chini ya usukani na vijana wangu wanaisoma kama gazeti, inawaambia ugonjwa uko wapi. Mimi nilikuwa na vizibo vya soda na gari likasogea. Hilo hata Kulwa hakulipinga ukumbini.

Lakini lilisogea vibaya. Tulipotoka mjini na Mzee Seif kwenye usukani, gia ya kwanza haikutaka kuachia. Injini inalia, inalia, mpaka mtu unaona aibu mbele ya watu wa barabarani, halafu gia ya pili inaingia kwa teke, visogo vyetu vinagonga kiti. Ya tatu hivyo hivyo, imechelewa na ina hasira. Na mwendo ulipofika hamsini, sitini, gari zima likaanza kutetemeka kutoka chini, siyo kwenye usukani, bali kwenye kiti, kwenye makalio kabisa. Kioo cha kutazamia nyuma kikawa kinatuonyesha barabara mbili. Mzee Seif akapunguza mwendo, akageuza, akaendesha polepole mpaka nyumbani. Alipozima injini ndipo akasema, "Limetembea, fundi. Tunashukuru." Afadhali angenitukana.

Nikashusha gia boksi tena, nikaifungua tena yote, nikitafuta nilipokosea. Sikuona kosa. Kila kizibo na kitu chake. Ukiona kosa unapata nguvu. Usipoliona, mikono inakuwa mizito. Nilikuwa nimeinama juu ya ile shuka, ambayo haikuwa nyeupe tena, nikawasikia upande wa pili wa ukuta wa mbao. Hamisi alikuwa amerudi kutoka Tabora.

"Kaka, behewa la wazi lipo Jumamosi. Nimeshaongea nao. Gari linapanda."

"Na mimi napanda nini?"

"Utapata pikapu na dereva, nimeshasema."

"Dereva kazi yake ni kuniuliza tuondoke saa ngapi. Mwezi wa pili ataniambia tuondoke saa ngapi. Mwezi wa tatu atakwenda mwenyewe, na mimi mtaniletea mchele hapa kitini niuonje."

"Kaka, ulikaa na nyati kutwa nzima!"

"Nyati hawakunifanya kitu. Walionichosha ni waliokuja kunipa pole."

Nilisikia kijiko kinakoroga chai. Halafu Mzee Seif akasema, "Mwache kijana mpaka Jumamosi."

"Kijana mwenyewe hata darasa la sita hakufika."

"Wewe ulifika. Haya, ingia stoo ukalitengeneze."

Niliirudisha ile gia boksi mahali pake. Ilikuwa Jumatano. Wote walijua sasa: likipona, Mzee atakwenda Majimoto, lisipopona, Jumamosi linapanda behewa na yeye anaanza kukaa kitini. Kulwa usiku ule alikula bila kunitania, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha.

Alhamisi nilifanya jambo ambalo ningelifanya mwanzo kama nisingekuwa na haraka ya kufungua. Nilikaa nikafikiri. Nikalitoa gari peke yangu barabara ya Sitalike, nikalipandisha mpaka sitini, likaanza kutetemeka. Hapo hapo nikaweka nyutro, nikaachia akseleta. Injini ikatulia, gari likawa linaserereka tu lenyewe. Mtetemo haukwisha. Ulipungua kadiri magurudumu yalivyopungua mwendo. Nikasimama pembeni, gari limesimama, nikakanyaga injini mpaka ikanguruma. Kimya, hakuna mtetemo hata kidogo. Nikarudia mara nne. Mnaona? Kama ugonjwa ungekuwa kwenye injini au ndani ya gia boksi, gari lingetetemeka hata likiwa limesimama. Huu ulikuwa unafuata magurudumu. Maana yake uko kwenye kitu kinachozunguka nayo, na kutoka gia boksi kwenda nyuma kitu hicho ni propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu kwenye difu, gia inayozungusha magurudumu ya nyuma. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Nililia kidogo kwenye usukani, kwa furaha, kwa sababu ilimaanisha kwamba ndani nilifunga sawa.

Ijumaa nikaitoa propela. Krosi zake, yale maungio ya kila mwisho, zilikuwa nzima, zinajikunja bila kukwama. Nilikuwa nimeweka alama za rangi kabla ya kuitoa mara ya kwanza, na alama zilikutana. Nikasugua tope lote, nikaipeleka kwenye mwanga, imenyooka. Nikairudisha, nikaenda kujaribu. Barabara mbili kwenye kioo. Na zile gia bado zinapiga mateke. Mzee Seif alikuwa ametoka msikitini, amesimama na kanzu mlangoni pa duka. Akaniona ninavyoshuka. Alinyanyua mkono tu kama mtu anayemsalimia aliye mbali, akaingia ndani.

Jumamosi asubuhi nilikuwa ndani ya shimo, gari juu yangu, natazama tu. Kulwa alikuwa anapita kwenda kujenga choo cha jirani yetu wa gereji, mfuko begani, akaweka pale juu chapati mbili na chai kwenye vikopo viwili. Akachuchumaa ukingoni. Nikasikia hatafuni, anachungulia.

"Mbona hili bomba limenyanyua kichwa?"

"Hilo siyo bomba, ni propela. Na wewe hiyo siyo saruji. Kunywa chai yako."

"Hata likiwa propela. Huku mbele limepanda. Mimi ukuta ukiinama kidole kimoja nauona nikiwa barabarani."

"Gari siyo choo, Kulwa."

"Ndiyo. Choo changu hakitetemeki."

Akashuka shimoni bila kukaribishwa, akatoa pima maji kwenye mfuko. Akaishika chini ya gia boksi. Povu likakimbilia mwisho kabisa wa kichupa, kama linatoroka. Akaenda nyuma, akaishika kwenye difu. Povu likakaa karibu na katikati. Akarudi mbele. Likakimbia tena. "Mwanawane," alisema taratibu, "huyu anatazama mbinguni na yule anatazama Sumbawanga. Wanashikanaje mikono?" Hapo nikauelewa mtetemo wote kwa mara moja. Krosi inazunguka kwa ulaini kama mlalo wa mbele na mlalo wa nyuma unafanana. Usipofanana, kila mzunguko unakwaruzana na mwenzake, na ukienda mwendo mkali ndipo kiti kinacheza. Kulwa yeye alikuwa ameshainamia kitu kingine. "Na hiki cheusi kilichoinyanyua ni nini?"

"Raba."

"Raba ya nani?"

Nikajifanya nakaza bolti.

"Isije ikawa ndiyo ile raba ya Nesto?"

Hii ndiyo sehemu ninayoirukaga. Gia boksi inakalia raba ili isigonge chuma kwa chuma. Za dukani zilikuwa hazipatikani Mpanda, na zilizopatikana hazikumaliza msimu kwenye barabara zetu. Mimi nilikuwa nakata zangu kutoka kwenye tairi kuukuu la lori, kwa kisu na maji ya sabuni, na zilidumu. Hizo ndizo zilizonipa jina. Dereva anatoka Inyonga anasema, "Niwekee raba ya Nesto," hata kama gari halina tatizo. Raba ya kiwandani ya gari la Mzee Seif ilikuwa imechanika, imelowa mafuta. Nikaitupa bila kuipima unene. Na kwa kuwa gari lilikuwa la Mzee Seif, aliyenilisha wiki tano, nikaona nimpe zaidi ya wengine wote. Nikakata ya kwake tabaka mbili. Hakuna mtu Mpanda aliyewahi kupewa raba nene namna ile. Ilikuwa heshima. Nilifungua gia boksi nzima mara mbili, nikachunguza kila kitu kilichotengenezwa na watu wengine, na siku zote hizo sikuitazama raba, kwa sababu raba ilikuwa yangu na vya kwangu havikosei.

Nikapitisha mkono juu ya gia boksi, mahali inapokaribia sakafu ya gari. Haukupita. Ilikuwa imepanda mpaka inagusa bati, na katikati yake imebanwa waya. Huo waya unatoka kwenye kabureta, unaiambia gia boksi dereva amekanyaga kiasi gani. Akikanyaga kidogo gia zinabadilika mapema na kwa upole, akikanyaga sana zinachelewa na zinakuja na nguvu. Waya umebanwa ukiwa umevutwa, basi gia boksi ilikuwa inaamini Mzee Seif amekanyaga mpaka chini muda wote, hata anapokwenda polepole kama msafara wa harusi. Teke na mtetemo, yote mawili yalitoka kwenye kipande kimoja cha tairi.

"Usimwambie mtu," nilimwambia Kulwa.

Akanitazama, mwanga wa juu umempiga nusu ya uso. "Sisemi. Lakini siku ukizidi sana, nasema." Akanipa kisu chake.

Tulitia jeki, tukaitoa. Nilikata tabaka la juu, tukarudisha, Kulwa akapima. Povu likasogea, halijafika. Tukatoa, nikapunguza unene wa kucha, tukarudisha. Povu likasogea. Mara ya tatu akaishika pima maji mbele, akaenda nyuma, akarudi mbele, akasema, "Wamesalimiana." Waya nikaunyoosha, nikaupitisha mahali pake, nikabonyeza akseleta kwa mkono nikaona unakwenda na kurudi bila kukwama. Chapati zilikuwa bado ukingoni, zimekauka, sisimizi wameshazipata. Tukawafukuza, tukazila. Saa nane ilikuwa imepita Hamisi alipokuja na vijana wanne wa kulisukuma gari stesheni, na nyuma yao Mzee Seif kwa gongo lake, amevaa kiatu chake cha kutokea, maana yake alikuja kuliaga.

"Limekwisha?" akaniuliza.

"Nadhani limekwisha, mzee." Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule kusema nadhani.

Hamisi akasema treni haimngoji mtu, lisukumwe tu. Mzee Seif akafungua mlango, akajishusha kitini, akalivuta gongo ndani. "Halitasukumwa. Nitalipeleka stesheni mwenyewe kwa kuzungukia Sitalike. Likitetemeka, nalipandisha behewa kwa mikono yangu. Fundi, panda."

Tukatoka. Nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili nikingoja teke la gia ya pili. Nikangoja. Nikamtazama Mzee Seif, naye anangoja. Tukawa tumeshapita gia ya pili na hatukujua imeingia saa ngapi. Ya tatu niliisikia kwa sauti ya injini tu, ilishuka kama mtu aliyeketi. Hamsini. Sitini. Kwenye kioo kulikuwa na barabara moja, na vumbi letu, na mwendesha baiskeli mmoja anayezidi kuwa mdogo. Mzee Seif akakitazama kioo mara mbili. Akapunguza, akasimama karibu na mama mmoja aliyepanga chupa za asali kando ya barabara. "Shuka," aliniambia, "usikilize likipita ukiwa nje." Nikashuka. Akaondoka.

Nikasikiliza. Lilipita laini, sauti ikafifia, ikaisha. Nikangoja ligeuze. Halikugeuza. Yule mama wa asali akaniuliza, "Umeshushwa, baba?"

"Nasikiliza gari."

"Gari gani? Si limeshakwenda?"

"Hilo hilo."

Akanisogezea kigoda bila kuuliza zaidi, nadhani alinionea huruma. Jua likasogea. Nikaanza kufikiria mambo: bolti ambayo huenda sikuikaza, tope, nyati. Nikasikia honi ya treni kule mjini, mara moja, halafu mara ya pili ikiondoka. Nikasimama, nikakaa. Nilipokuwa nimeamua kuanza kutembea kuelekea Sitalike kwa miguu, nikaliona vumbi. Lilikuja mbio kuliko alivyokuwa akiendesha siku zote, likasimama mbele yangu bila mshtuko. Kiwiko kilikuwa dirishani. Kofia imekaa upande. Nilifungua mdomo nianze kumweleza nilichofanya, jinsi nilivyoweka nyutro, jinsi mtetemo unavyofuata magurudumu, yote isipokuwa raba.

"Honi imekuwa na sauti ya mbuzi," Mzee Seif akasema. "Uitazame."

"Sawa, mzee. Nitaitazama kesho."

"Kesho haiwezekani," akasema, akainama kunifungulia mlango. "Kesho niko Majimoto."